Maswali yanayoulizwa sana kuhusu Brendan Cummins, golikipa wa hurling wa Tipperary

Watu wengi wakiona klipu ya hurling kwa mara ya kwanza wanauliza maswali yaleyale, na wakishajua kwamba kuna jamaa alikaa golini miaka karibu 20 kwenye huo mchezo ndo maswali yanazidi. Nimeyakusanya hapa. Kama hujui kabisa hurling ni nini anza juu, kama unaijua ruka moja kwa moja sehemu ya tatu.

## Mambo ya msingi

Hurling ni mchezo gani hasa? Ni hoki?

Hapana, ingawa ukiona fimbo utadhani. Ni mchezo wa zamani sana wa Ireland, timu mbili za watu 15 kila upande, kila mtu na fimbo yake ya mti wa ash ambayo kwa Kiairishi inaitwa camán, na kampira kadogo ka ngozi kanaitwa sliotar, tamka "slita". Tofauti kubwa na hoki ni kwamba hapa mpira unapigwa ukiwa hewani, unadakwa kwa mkono, unabebwa juu ya fimbo huku mtu anakimbia, unaweza hata kuupiga teke. Uwanja ni mrefu, mita 130 mpaka 145, yaani umeuzidi wa soka. Mechi kubwa za ubingwa kati ya kaunti na kaunti zinachezwa dakika 70. Mwaka 2018 UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwahiyo sio mchezo wa juzi.

Mbona matokeo yanaandikwa 2-18, sasa aliyeshinda nani?

Goli la hurling lina umbo la herufi H. Chini ya mtambaa panya kuna nyavu na golikipa, juu yake nguzo zinaendelea kupanda. Mpira ukipita juu ya mtambaa panya katikati ya nguzo ni pointi 1, ukizama wavuni ni goli na goli moja ni pointi 3. Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. 2-18 maana yake magoli 2 na pointi 18, jumla 24. Shika hiyo hesabu maana huko chini naitumia sana.

Ukifikiria vizuri utaona kipa ana mzigo gani hapo. Mipira ya juu ya nguzo hawezi kufanya nayo chochote, inapita tu siku nzima, ila ule mmoja wa chini ukimpita ni sawa na mitatu ya juu kwa mpigo.

Brendan Cummins ni nani?

Amezaliwa 1975, ametokea klabu ya Ballybacon-Grange kusini mwa kaunti ya Tipperary, na alikua golikipa wa timu ya kaunti kwenye ubingwa kuanzia 1995 mpaka 2013. Amebeba kombe la Ireland nzima, Liam MacCarthy, mara 2, 2001 na 2010. Ametajwa kwenye All Stars, kikosi bora cha mwaka, mara 5. Wakati anatundika fimbo alikua amecheza mechi 73 za ubingwa, na wakati ule hakuna mchezaji wa hurling wa nafasi yoyote aliyekua amefikisha hizo.

Tipperary nao sio kaunti ya pembeni. Chama cha michezo ya Gaelic, GAA, kilianzishwa hukohuko mjini Thurles Novemba 1884. Kwahiyo kukaa golini pale ni kazi ambayo kaunti nzima inakutazama, na wazee wanakumbuka makipa waliokutangulia kwa majina.

Alikua analipwa kiasi gani?

Hakuna mshahara. Hili ndo swali linalowashangaza watu kuliko yote, unaambiwa Croke Park, uwanja mkuu wa GAA mjini Dublin, unajaa watu zaidi ya 82,000 siku ya fainali halafu wale walioko uwanjani Jumatatu wanarudi kazini kwao, mmoja mwalimu, mwingine mkulima, mwingine yuko benki. GAA ni chama cha ridhaa, mchezaji anarudishiwa gharama za safari na vitu vidogo vidogo basi. Na huhami kaunti kwa kutafuta kombe kama wanavyohama wa soka, unachezea kwenu. Sasa rudi usome tena ile miaka 1995 mpaka 2013 ukiwa unalijua hilo.

## Kazi ya golini

Mpira unakuja kwa kasi gani, na kipa anauonaje?

Sliotar ina uzito wa gramu 110 mpaka 120 na upana wa kama sentimita 7, ndani ni koki nje ni ngozi yenye mshono ulioinuka. Ikipigwa vizuri inapita kilomita 150 kwa saa. Goli lenyewe lina upana wa mita 6.5 na urefu wa mita 2.5 mpaka kwenye mtambaa panya. Mtu akipigia mita 15 kutoka hapo kipa hana muda wa kufikiria, kinachofanya kazi ni miguu na macho, amesimama wapi kabla mpira haujapigwa na ameuona ukitoka kwenye fimbo au haujaonekana kwasababu ya miili ya watu.

Ndo maana makipa wazuri wanatumia masaa mengi mno mbele ya ukuta, unapiga, unarudi, unaudaka, unasogea karibu, unapiga tena. Na wengi wanadaka kwa mkono mtupu bila glavu, ili mkono uusikie mpira. Vidole vya kipa mkongwe wa hurling ukiviona vinakuambia historia yake yote.

Ni kweli kipa anaruhusiwa fimbo kubwa kuliko wenzake?

Kweli. Sehemu ya mbele ya fimbo, ile bapa inayopiga mpira, kwa mchezaji wa kawaida isizidi sentimita 13 upana. Kipa hana huo ukomo. Kwahiyo ukiona fimbo ya kipa inafanana na kasia la mtumbwi usishangae, iko ndani ya sheria. Kuna gharama yake lakini, fimbo kubwa ni nzito, na kipa anatakiwa pia aipige mbali, soma swali linalofuata.

Pakauti ni nini na kwanini watu wanaiongelea sana?

Kila wapinzani wakiutoa mpira nje ya mstari wa goli au wakifunga, kipa anaurudisha mchezoni kwa kuupiga kutoka kwenye kiboksi chake. Hiyo ndo pakauti. Zamani ilikua rahisi, kipa anaupiga juu mbali kabisa kwenye nusu ya wapinzani, na huko chini wanaume wanagombania kama mwewe na vifaranga. Cummins alikua hodari sana kwa pakauti hizo ndefu, fimbo yake ilikua inaupeleka mbali mno, na kuna ushahidi wake, nenda kwenye swali la Poc Fada.

Ila miaka yake ya katikati mambo yalibadilika. Dónal Óg Cusack wa Cork, aliyebeba kombe 1999, 2004 na 2005, alianza kuzipiga fupi na kwa mpango, mpira unaenda kwa beki aliyejificha pembeni, timu inajenga kutoka nyuma. Watu wengine walikasirika sana wakati ule, waliona si hurling. Leo kila timu inafanya hivyo na kipa ndo anaeanzisha mashambulizi, pakauti zinahesabiwa moja moja, ngapi tumeshinda ngapi tumepoteza. Kinachonivutia kwa Cummins ni kwamba alianza kazi wakati wa mpira mrefu akamaliza wakati wa mpira wa hesabu, na hakuachwa nyuma.

Penati za hurling zikoje?

Hapa angalia mwaka, maana sheria ilibadilika. Enzi za Cummins penati ilikua inapigwa kutoka mstari wa mita 20 na golini wanasimama watu watatu, kipa na wenzake wawili. Unaweza kudhani watatu ni wengi, lakini mpigaji aliruhusiwa kuuinua mpira na kuurusha mbele kisha aufuate aupige akiwa karibu zaidi. Anthony Nash, kipa wa Cork, aliifanya hiyo kuwa sanaa, anavuka uwanja mzima kuja kupiga na mpira unapigwa ukiwa umesogea mita kadhaa mbele. Mwaka 2014 kipa wa Waterford Stephen O'Keeffe alimkimbilia Nash kabla hajapiga akauzuia kwa mwili wake. Wakubwa wakaona mtu ataumia vibaya. Tangu 2015 ni mpigaji na kipa peke yao, na mpira lazima upigwe kabla ya kuvuka ule mstari.

Wapinzani wanaruhusiwa kumgonga kipa?

Akiwa ndani ya kiboksi chake kidogo, mita 14 kwa 4.5, hawaruhusiwi kumgonga bega. Wanaruhusiwa kugombania mpira tu. Akitoka nje ya hapo ni mchezaji kama wengine, anakula bega kama kawaida.

## Safari ya Cummins mwaka kwa mwaka

Fainali yake ya kwanza ilikuaje?

Ilimuuma. 1997, Tipperary na Clare. Mwaka huo ndo sheria mpya iliruhusu timu iliyofungwa fainali ya jimbo kuendelea, kwahiyo kwa mara ya kwanza timu mbili za jimbo la Munster zikakutana fainali ya nchi nzima, na Clare walikua wameshaifunga Tipperary kwenye ile ya jimbo. Golini upande mmoja Cummins, miaka 22, upande wa pili Davy Fitzgerald.

Tipperary walikua nyuma, wakapata magoli mawili dakika za lala salama, la kwanza Liam Cahill la pili Eugene O'Neill, ghafla wako mbele. Clare wakasawazisha, kisha Jamesie O'Connor akapiga pointi ya ushindi. Bado kukawa na nafasi moja, John Leahy wa Tipperary akapiga shuti na Fitzgerald akaliokoa. Clare 0-20, Tipperary 2-13, yaani 20 kwa 19. Kipa mmoja anakumbukwa kwa lile shuti, na mwenzake aliyefungwa magoli sifuri siku ile, soma tena, sifuri, alirudi nyumbani bila medali. Mimi hiyo mechi kila nikiiangalia namtazama Cummins.

Kombe la kwanza alilipata lini?

2001, miaka minne baadae, chini ya kocha Nicky English na kepteni Tommy Dunne. Fainali ilikua na Galway, 2-18 kwa 2-15. Tipperary hawakua wamelibeba tangu 1991.

Ni kweli aliwahi kuachwa benchi akiwa bado kwenye ubora wake?

Ni kweli, 2007, na kwangu mimi hiki ndo kipande kikubwa kuliko vyote kwenye maisha yake ya mchezo. Alikua na miaka 32, All Stars 3 tayari, na benchi la ufundi la wakati ule likaamua kumweka kando, akapangwa Gerry Kennedy. Elewa kwamba kipa hana nafasi nyingine ya kwenda. Straika akishushwa anaweza kuingia dakika ya 50 akafunga akarudishiwa namba, beki anaweza kusogezwa pembeni, kipa aliyeachwa anakaa na koti akisubiri mwenzake akosee au aumie, na mtu mwenye roho nzuri hataki kumuombea mwenzake hivyo. Na hakuna mshahara wa kukushikilia, tumeshaongea juu ya hilo hapo juu, angeweza kusema basi akaenda zake na hakuna ambaye angemlaumu.

Tipperary mwaka huo walitolewa robo fainali na Wexford 3-10 kwa 1-14, na mmoja wa waliowafunga alikua golikipa Damien Fitzhenry aliyepanda kutoka golini kwake.

Cummins hakuondoka. 2008 kocha mpya Liam Sheedy akaingia, namba ikarudi, Tipperary wakachukua ligi, wakachukua Munster, na mwisho wa mwaka jina la kipa wa All Stars likawa la kwake. Mwaka mmoja tu tangu benchi.

Nini kilitokea 2009 na 2010?

Hizi zinasomwa pamoja. 2009 fainali dhidi ya Kilkenny waliokua wanatafuta kombe la nne mfululizo. Tipperary walicheza hurling nzuri sana siku hiyo, lakini P.J. Ryan kipa wa Kilkenny aliokoa vitu ambavyo haviokoleki. Tipperary walibaki 14 baada ya Benny Dunne kupewa nyekundu, na bado walikua wanapambana mpaka refa akaamuru penati kwenye dakika za 60 na kitu. Henry Shefflin akaiweka wavuni kupita Cummins na wenzake wawili, muda mfupi baadae Martin Comerford akaongeza la pili. 2-22 kwa 0-23.

2010 wakaanza vibaya, Cork wakawachapa 3-15 kwa 0-14 mechi ya kwanza kabisa, watu wakasema wamekwisha. Wakapitia mlango wa nyuma, yaani nafasi ya pili wanayopewa waliofungwa, mechi baada ya mechi mpaka fainali, na hapo tena Kilkenny, safari hii wanatafuta la tano mfululizo ambalo hakuna aliyewahi kulipata. Lar Corbett akafunga magoli matatu peke yake. 4-17 kwa 1-18. Cummins miaka 35, amefungwa goli moja, medali ya pili miaka 9 baada ya ya kwanza, na All Stars ya tano.

Miaka ya mwisho alishuka?

Timu ilishuka zaidi yake. 2011 walirudi fainali wakafungwa na Kilkenny tena, 2-17 kwa 1-16. 2012 nusu fainali Kilkenny waliwafunga 4-24 kwa 1-15, tofauti ya pointi 18, na siku kama hiyo kipa ndo mtu mpweke kuliko wote uwanjani maana kila baya linamalizikia kwake. Aliendelea msimu mmoja zaidi akastaafu 2013 na miaka 38.

All Stars zake ni za miaka gani?

2000, 2001, 2003, 2008 na 2010.

## Maswali mengine yanayokuja kuja

Ndo kipa bora wa muda wote?

Ukihesabu medali, hapana. Noel Skehan wa Kilkenny ana medali 9 za Ireland nzima, 3 akiwa akiba na 6 akiwa golini mwenyewe, na All Stars 7. Hapo hakuna kipa aliyefika. Ila Skehan nyuma yake alikua na Kilkenny iliyokua inashinda, Cummins amepitia vipindi virefu ambavyo Tipperary haikua na kitu na bado yeye ndo alikua anatajwa. Ukiniuliza mimi nani ningemuweka golini kwa mechi moja ya kufa na kupona nitasema Cummins, na najua watu wa Kilkenny na Cork watanibishia, wana haki.

Wa siku hizi wanaostahili kuangaliwa ni Nickie Quaid wa Limerick, tafuta ile ya 2018 nusu fainali na Cork alipomnyang'anya Seamus Harnedy mpira kwenye fimbo wakati anapiga, na Eoin Murphy wa Kilkenny, 2023 dhidi ya Clare dakika za mwisho.

Kipa anaweza kufunga?

Ndio na wanafunga. Fitzhenry nimemtaja kwenye 2007, Nash kwenye penati. Maarufu kuliko yote ni Davy Fitzgerald, fainali ya Munster 1995 na Limerick, alipanda akapiga penati kabla ya mapumziko, ikazama, na badala ya kushangilia akageuka akakimbia mbio uwanja mzima kurudi golini kwake. Clare hawakua wameshinda Munster tangu 1932.

Poc Fada ni nini?

Ni mashindano ya kupiga mpira mbali, kwenye milima ya Cooley kaunti ya Louth. Unatembea njia ya mlimani ya karibu kilomita 5 ukipiga sliotar, mwenye mapigo machache ndo bingwa. Wazo limetoka kwenye hadithi ya kale ya Cú Chulainn, kijana aliyesafiri huku akiupiga mpira wake mbele na kuukimbilia. Makipa ndo wanatawala hapo kwasababu ya pakauti. Ger Cunningham wa Cork alishinda miaka 7 mfululizo, 1984 mpaka 1990, na Cummins naye amekua bingwa mara nyingi, hata baada ya kustaafu timu ya kaunti bado alipanda mlimani akashinda.

Mbona picha za zamani wako bila helmeti?

Kwasababu ilikua hiari. Imekua lazima kwa kila mtu kuanzia Januari 2010, kipa naye humo.

Nikiwa nje ya Ireland nitaionea wapi?

Waairishi wanapoenda wanabeba na fimbo. Kwa ndugu zetu walioko Ghuba, Dubai kuna klabu ya Gaelic inaitwa Dubai Celts, na London, New York na Boston zipo za miaka mingi.

Cummins anafanya nini sasa, na golini Tipperary yuko nani?

Amekua mchambuzi kwenye runinga ya RTÉ na amefundisha vijana. 2025 alikua kocha wa Tipperary chini ya miaka 20 waliochukua ubingwa wa Ireland.

Mwaka huohuo wakubwa nao wakabeba, chini ya kocha Liam Cahill, ndio, yuleyule aliyefunga kwenye fainali ya 1997. Mpaka mapumziko walikua nyuma ya Cork kwa pointi 6, kipindi cha pili Cork wakapata pointi 2 tu, ikaisha 3-27 kwa 1-18. Golini alikua Rhys Shelly. Aliokoa penati ya Conor Lehane, na katika mechi hiyohiyo akaupiga mmoja kutoka mbali kabisa, ukapita juu ya mtambaa panya upande wa pili, pointi.